Uzoefu Wangu na Old School RuneScape Baada ya Miaka Minne

Nimecheza Old School RuneScape kwa takribani miaka minne sasa, karibu kila jioni katika mwaka wa kwanza na mara mbili au tatu kwa wiki tangu hapo, na watu wangu wa karibu bado huniuliza ni kitu gani hasa kinachonivuta kwenye mchezo ambao wahusika wake wana sura zenye pembepembe na rangi bapa, kana kwamba vinyago hivyo vilichongwa kwa haraka na kuachwa bila kupigwa msasa. Swali lao ni la haki, nami nitalijibu kwa kadiri nilivyouona mchezo huu kwa macho yangu.

Kwa asiyeijua michezo ya kuigiza ya mtandaoni, hoja ya kwanza kuielewa ni kwamba ulimwengu wake hauzimwi unapoondoka. Unaunda mhusika wako, unampa jina, kisha unaingia mahali ambapo maelfu ya watu wengine tayari wanavua samaki, wanachimba madini, wanauziana bidhaa na kupigana na mazimwi, na utakapolala wao wataendelea. Wazo hilo lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwani Roy Trubshaw na Richard Bartle walijenga ulimwengu wa namna hiyo kwa maandishi matupu katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kuanzia mwaka 1978. RuneScape yenyewe ilizinduliwa mwaka 2001. Toleo ninalolicheza lilifunguliwa mwaka 2013, baada ya wachezaji kupiga kura ya kurudishiwa mchezo jinsi ulivyokuwa Agosti 2007, na hadi leo mapendekezo makubwa ya kuongeza au kubadilisha kitu hupelekwa kwa wachezaji, ambapo hayapiti bila kupata asilimia 70 ya kura. Sijatumia bidhaa nyingine ya kidijitali ambayo mteja wake anasikilizwa kiasi hicho.

Siku yangu ya kwanza nilitumwa na mpishi wa kasri la Lumbridge, mji anakoanzia mchezaji mgeni, nimtafutie yai, maziwa na unga. Yai nililipata kwenye banda la kuku na ng'ombe nikamkamua, lakini unga ulinishinda. Nilivuna ngano, nikapanda hadi juu kabisa ya kinu, nikaimimina, nikashuka na chungu changu mkononi, nikakuta pipa la chini ni tupu. Nilipanda na kushuka mara tatu. Mchezaji mmoja aliyevaa deraya ya rangi ya kijani, ambaye bila shaka alikuwa amepita pale miaka mingi kabla yangu, alisimama akaandika kwamba juu kuna wenzo ambao sikuuvuta. Hakuondoka baada ya kunieleza. Alingoja hadi niliposhuka na unga chunguni, akaniandikia pongezi, ndipo akaenda zake. Jina lake silikumbuki, na sijawahi kumwona tena, ila naweza kusema bila kusita kwamba yule mtu ndiye aliyenifanya nirudi siku ya pili.

Wengi husifu michezo hii kwa sababu ya maendeleo ya mhusika, na maendeleo hayo yapo kweli. Kila stadi, iwe uvuvi, upishi au ukataji miti, hupanda ngazi kwa ngazi hadi 99, na kuifikia ngazi hiyo kunahitaji alama 13,034,431 za uzoefu. Kinachoshangaza ni kwamba nusu ya safari haiko kwenye ngazi ya 50 wala ya 70. Iko kwenye ngazi ya 92, hivyo zile ngazi saba za mwisho hula alama karibu sawa na zote zilizotangulia. Nilipofikisha 99 katika uvuvi baada ya miezi mingi, fataki zilifyatuka juu ya kichwa cha mhusika wangu na watu wasionijua, waliokuwa wakivua kando yangu, wakaacha nyavu kunipongeza. Walijua gharama ya namba ile kwa sababu nao walikuwa wakiilipa. Mafanikio hayohayo katika mchezo wa kucheza peke yako yangebaki kuwa tarakimu kwenye skrini.

Lakini kama ningeombwa nimwonyeshe mgeni sehemu moja tu, ningempeleka Barbarian Assault. Humo wachezaji watano huingia pangoni na kukabili mawimbi kumi ya viumbe, wakiwa wamegawana majukumu manne: mshambuliaji, mlinzi, mkusanya mayai na mganga. Ufundi wa sehemu hii uko katika jambo moja, nalo ni kwamba taarifa unayoihitaji wewe haiko kwako. Mshambuliaji hajui ni mtindo gani wa kupiga utakaofaa; anayeuona ni mkusanya mayai. Mkusanyaji naye hajui aokote mayai ya rangi gani hadi mshambuliaji amwambie. Mlinzi husubiri kuambiwa na mganga atumie chambo gani, naye mganga husubiri kuambiwa na mlinzi awape viumbe chakula kipi chenye sumu. Kila mmoja ana baragumu ya kumwitia mwenzake, na maelekezo hubadilika kila baada ya sekunde 30. Ukinyamaza, mwenzako anaumia, kwa kuwa mtindo usio sahihi humjeruhi mpigaji mwenyewe.

Nilicheza humo kwa wiki kadhaa nikitafuta vazi maarufu la kifuani, ambalo hugharimu pointi 375 katika kila jukumu, jambo linalomlazimu kila mchezaji kukaa kwenye viti vyote vinne. Mwanzoni niliona ni usumbufu. Baadaye nilielewa kwamba aliyewahi kuwa mganga, akiwa mlinzi, haimchukui muda kumwita mganga, kwa kuwa anakumbuka alivyosimama na chakula mkononi akisubiri mtu aseme neno. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na katika pango lile msemo huo ni kanuni ya mchezo. Watu watatu kati ya wale niliocheza nao wiki zile ni marafiki zangu hadi sasa. Mmoja alipofiwa na mama yake, sisi tulikuwa miongoni mwa watu wa kwanza aliowaambia, na usiku ule hakuna aliyepigana na chochote. Tuliwaweka wahusika wetu kando ya moto tukaandikiana hadi karibu na alfajiri.

Dosari zipo, na si ndogo. Kazi za kurudiarudia ni nyingi kiasi cha kuchosha, na mtu anayetaka kila dakika iwe na msisimko ataondoka ndani ya saa ya kwanza. Sehemu kubwa ya ramani, ikiwemo hiyo Barbarian Assault, imetengewa wanaolipia uanachama. Zipo pia programu zinazocheza badala ya watu ili kukusanya dhahabu ya kuuzwa kwa fedha halisi, jambo lililokatazwa na kanuni za mchezo, na kukuta mahali pa kuvulia pamejaa wahusika wasiojibu salamu hunitia huzuni kila mara. Mimi mwenyewe niliwahi kuvutwa hadi Nyikani na mchezaji niliyemwamini, aliyeniahidi kunifundisha njia ya kupata mali haraka. Nyika ni eneo ambalo wachezaji wanaruhusiwa kuuana. Wenzake walikuwa wamejificha, na nilipoanguka nilibaki na vitu vitatu pekee, kwa sababu hivyo ndivyo kanuni inavyokuachia. Iliniuma kwa siku nyingi, na maumivu yenyewe yalitokana zaidi na kuaminiana kulikovunjwa kuliko na mali iliyopotea. Mgeni ajihadhari na yeyote anayemsisitizia abebe vitu vyake vyote vya thamani kuelekea kaskazini, iliko Nyika.

Kiufundi sina malalamiko makubwa. Tangu mwaka 2018 mchezo unapatikana kwenye simu, na akaunti ni ileile ya kwenye kompyuta, kwa hiyo naweza kukata miti nikiwa safarini na kuingia pangoni nikifika nyumbani. Matendo ya mchezo huhesabiwa kwa vipindi vya sekunde 0.6, mwendo ambao ni wa taratibu ukilinganishwa na michezo ya kisasa ya mapigano, na kwa sababu hiyo mtu mwenye intaneti dhaifu bado anaweza kushiriki bila kuonekana mzigo. Simu yangu ya zamani iliumudu bila shida. Maandishi ni madogo kwenye skrini, na kupiga baragumu kwa kidole gumba wakati wa wimbi la tisa ni kazi ngumu, hivyo kwa shughuli za kikundi nashauri kompyuta.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asikimbilie kulipia. Acheze sehemu ya bure kwa mwezi mzima, ajibu salamu za watu, aulize anapokwama, na aepuke kufuata kila hatua ya miongozo ya kupanda ngazi haraka, maana humfikisha mtu mbali akiwa hamjui yeyote. Akishapata watu wawili watatu wa kuwatafuta kila anapoingia, ndipo uanachama utakapokuwa na thamani.

Mimi bado napita kwenye kinu cha Lumbridge ninapokuwa na nafasi. Juma lililopita nilimkuta mgeni akishuka ngazi na chungu kitupu, akapanda, akashuka tena. Nilimwandikia kuhusu wenzo, kisha nikangoja pale chini hadi alipojaza unga.