Safari za shule ya binti yangu: ipi ilistahili pesa, ipi sitalipia tena

Binti yangu yuko darasa la sita kwenye shule binafsi ya kutwa hapa Dar es Salaam. Ada tunailipa, lakini kila muhula huja karatasi nyingine imebandikwa kwenye daftari la mawasiliano: safari ya mafunzo, siku ya michezo, siku ya vipaji, mashindano ya kuogelea. Kila moja na mchango wake. Nimezilipia tangu yuko chekechea, na wazazi wenzangu wananiuliza mara kwa mara kama ni lazima, kama zina faida. Basi nasema nilivyoziona mimi.

Bora kuliko zote ni Bagamoyo. Najua utashangaa, maana ni kilomita kama 70 tu na wengine tunakwenda wenyewe Jumapili kula samaki. Tofauti ilikuwa mwalimu wao wa Maarifa ya Jamii. Kabla ya safari aliwagawia karatasi ya maswali, na majibu yake hayakuwa kwenye kitabu cha darasani. Moja liliuliza kwa nini Wajerumani waliihama Bagamoyo mwaka 1891 wakahamishia makao yao Dar es Salaam. Ukisimama pale ufukweni maji yamekupwa, ukaona jinsi bahari ilivyo na kina kifupi, unajijibu mwenyewe: meli kubwa ingetia nanga wapi? Jingine lilihusu makaburi ya kale ya Kaole, jirani na Bagamoyo. Zile nguzo ndefu za mawe zina vishimo vilivyokuwa vimepachikwa bakuli za Kichina, na watoto walitakiwa waeleze bakuli la Uchina limefikaje kwenye kaburi la Mswahili karne nyingi kabla ya kontena za bandarini. Jibu ni pepo za msimu na majahazi, lakini walilipata kwa kubishana na mwongoza wageni, mzee mmoja mwenye subira ya ajabu. Kuna pia magofu ya msikiti unaosemwa ni wa karne ya 13, na mbuyu ambao ukiuzunguka, wenyeji wanasema, unaongezewa umri. Binti yangu aliuzunguka kwa niaba ya bibi yake.

Kule misheni waliona mnara ulipolazwa mwili wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, mwezi Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Nyumbani hakuzungumza habari za Livingstone kabisa. Alizungumza habari za watumishi wake, Chuma na Susi na wenzao, waliombeba kwa miguu kutoka Chitambo, Zambia ya leo, alikofia Mei 1873. "Mama, walitembea miezi yote hiyo na maiti. Walilipwa?" Siku hiyo tulichelewa kulala.

Mikumi ndiyo iliyonigharimu zaidi na ndiyo sitailipia tena kwa mpango ule. Hifadhi yenyewe haina kosa lolote. Kosa ni kudhani unaweza kwenda na kurudi siku moja na basi la watoto sabini. Kutoka Dar ni karibu kilomita 300, na barabara ya Morogoro mnaijua, malori yake na matuta yake. Waliondoka gizani, wakafika jua limeshapanda na wanyama wameingia vivulini. Tembo na twiga waliwaona, lakini wengine waliwaona pale pale kando ya barabara kuu inayokatiza hifadhini, ambapo hata abiria wa basi la Iringa anawaona bure. Uwanda wa Mkata waliupitia mbio mbio kwa sababu dereva alikuwa anawaza kurudi. Shule haikuweka mwongoza wageni, kwa hiyo maswali yote yalijibiwa na dereva huyo huyo, na kwa maelezo niliyoletewa nyumbani, eti nyumbu wa Mikumi ni jamaa wa punda. Wangelala Morogoro wakaingia getini alfajiri, ningelipa hata zaidi. Kiingilio cha mtoto wa Kitanzania ni kidogo. Pesa inamezwa na usafiri na chakula, kwa hiyo ukishafika huko, angalau upate unachokifuata.

Safari iliyonishangaza ni ya treni ya SGR, ile reli ya kisasa, kwenda Morogoro. Nilidhani ni mapambo tu, wapige picha warudi. Kumbe kwa mtoto anayeshinda kwenye foleni ya Mbezi, kukaa kwenye treni ya umeme inayofika kasi ya kilomita 160 kwa saa ni somo tosha. Chini ya saa mbili wako Morogoro, milima ya Uluguru iko mbele yao. Walihesabu vituo, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, na mwalimu wa hesabu akawapa kazi ya kukokotoa mwendo wa wastani kati ya kituo na kituo. Malalamiko yalikuwa moja tu: walitaka kupita kwenye mahandaki, nayo yako mbele ya Morogoro, upande wa Kilosa.

Kwa wadogo wa chekechea hadi darasa la tatu, Kijiji cha Makumbusho kinatosha kabisa. Kiko mjini, wanaingia kwenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali, wanaangalia ngoma, saa nane wako shuleni. Kuwapeleka kwenye bembea za maji na kuiita safari ya mafunzo ni kutuchezea. Iiteni matembezi tu, tutalipa.

Siku ya michezo sina neno, isipokuwa jua na muziki wa kupasua masikio.

Jambo linalonikera liko nje ya safari zenyewe. Watoto ambao wazazi wao hawakulipa hubaki shuleni siku hiyo, wanawekewa katuni mpaka saa ya basi. Kesho yake darasa zima linaandika insha ya safari. Yule aliyebaki anaandika nini? Nililiuliza kwenye kikao cha wazazi, nikajibiwa kwamba safari ni hiari. Baadaye baadhi yetu tulianza kuchangia kimya kimya kupitia kwa mwalimu wa darasa, bila kutaja jina la mtoto, na kwa safari ya treni hakubaki mtu. Shule ingeweza kulipanga hilo yenyewe kwa kuongeza kidogo kwenye mchango wa kila mmoja.

Ukiletewa karatasi, uliza mambo haya kabla ya kutuma pesa: mwalimu gani wa somo anakwenda, si matroni peke yake, kila mtu mzima ana watoto wangapi, sanduku la huduma ya kwanza lipo, na mtoto anayetapika kwenye gari atakaa wapi. Chakula mfungashie mwenyewe. Chipsi kuku za njiani zimeshatulaza watu hospitali.

Kwa ujumla naipa shule nyota tatu na nusu, nne kwa ajili ya yule mwalimu wa Maarifa ya Jamii. Muhula ujao wametangaza Zanzibar, kulala usiku mmoja. Karatasi iko mezani, sijaisaini. Nimeuliza nani atalala jengo moja na wasichana, na bado nangoja jibu.