Gari la kukodi: tuliteremka Mai Mahiu na mzee

Nilikodi gari la watu saba pamoja na dereva, Jumamosi, nimpitishe baba barabara ya zamani ya Nairobi kwenda Naivasha, ile inayoteremkia Mai Mahiu. Ratiba niliyotumiwa kwa WhatsApp ilipitia barabara ya juu, ya Kinungi. Nikapiga simu mara mbili: jamani, bila Mai Mahiu safari hii haina maana! Wakarekebisha, ila wakaongeza shilingi 1,500 "za mteremko". Mpaka leo sijaelewa.

Dereva, hata hivyo, nampa nyota zote. Aliteremka kwa gia ya pili, hakushindana na malori, na pale pa kutazamia Bonde la Ufa akamsubiri mzee karibu nusu saa akipatana bei ya ngozi ya kondoo. Mlima Longonot ulionekana wote. Huko chini, kwenye kanisa dogo walilojenga mateka wa kivita Waitaliano mwaka 1942, walipokuwa wakitengeneza barabara hiyo, baba alivua kofia, akachungulia, akauliza: "Hapa husali watu wangapi, kumi?"

Viti vya nyuma vinabana. Magoti yangu ni shahidi. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, kabla malori hayajajaa.