Seti ya maziwa ya mama kutoka Kariakoo: kibegi chukua, mashine waachie wenyewe

Wamama mnaorudi kazini huku bado mnanyonyesha hii ni yenu. Zile seti zimejaa Kariakoo sasa hivi, kibegi cha kubebea maziwa na barafu zake mbili za jeli, mifuko ya kuhifadhia, na mashine ya kupashia chupa, vyote kwenye boksi moja. Mi nilichukua kwa elfu 85 baada ya kupatana mpaka kijana akachoka, maana siku 84 za likizo ya uzazi zinaisha huzioni na pampu ya kukamulia nilikuwa nayo tayari.

Kibegi kwanza maana ndo kimenifurahisha. Mi natoka Tegeta alfajiri, ofisi iko Posta, na foleni ya Bagamoyo Road wote mnaijua, kurudi ni giza. Barafu zinalala friza usiku kucha mpaka ziwe jiwe, asubuhi naziweka kibegini naongezea na chupa ndogo ya maji niliyoigandisha, nafunga. Nakamua mida ya saa nne na tena saa nane, maziwa yanaingia katikati ya barafu sio juu yake. Nikifika nyumbani jeli imelegea pembeni tu ila ukiibonyeza katikati bado ngumu na chupa ukiishika ina baridi kabisa. Maziwa yaliyozungukwa na barafu zilizoganda vizuri yanakaa mpaka masaa 24, kwahiyo hapo nina amani. Friji ya ofisini tunayo lakini kuna samaki wa watu humo, kuna mtu kaacha ubwabwa tangu juzi, na kuna kaka mmoja anachanganya chai yake na maziwa yoyote anayoyakuta, sasa hapo nitaanzaje kumweleza.

Na kwa wasiojua, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayenyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Mtoto yuko Tegeta mimi Posta, nitamnyonyesha kwa simu? Basi nayatumia kukamua, na HR walinielewa bila shida.

Ubaya wa kibegi ni zipu, ya plastiki na inakwama kwenye kona, na ule mfuko wa ndani wa silva umeanza kuachia kwenye mshono kwahiyo maji ya barafu yanapenya yanalowesha kitambaa. Nakikausha kikiwa wazi usiku la sivyo kinanuka.

Mifuko ya kuhifadhia ni ya kawaida tu, ila vile vipimo vilivyochapwa pembeni usiviamini, ukijaza mpaka mstari wa mililita 150 ukahamishia kwenye chupa unakuta 120. Weka kidogo kidogo, 60 mpaka 120, acha nafasi juu maana yakiganda yanavimba na mfuko unapasuka, na andika tarehe kabla hujatia maziwa coz kalamu haiandiki kwenye mfuko uliolowa. Ni ya kutumia mara moja, usioshe. Friji siku 4, friza miezi 6 ndo yanakuwa bado mazuri, na yakae nyuma kabisa sio mlangoni. Hayo masaa 4 ya nje mnayosikia ni kwa joto la nyuzi 25 kushuka chini, sasa Dar ya mwezi wa pili chumba hakina AC jamani, 25 hiyo utaipatia wapi? Mi yakishakamuliwa yanaingia kwenye baridi hapo hapo.

Umeme ukikatika acha kuchungulia friza kila dakika. Ikiwa imejaa na haijafunguliwa inashika baridi kama masaa 48, ikiwa nusu kama 24. Mfuko ambao bado una chembe za barafu ndani unaendelea kuugandisha, ulioyeyuka wote shusha friji na utumike ndani ya masaa 24, hairudi friza tena.

Haya, mashine. Kijana aliniambia "dada'angu hii ya Ulaya kabisa, dakika tatu tu mtoto anakunywa", boksi lote limeandikwa Kichina. Ina vitufe vitatu vyenye vipicha, kimoja tone, kimoja jua, kimoja sijui ni wingu au kondoo. Dada wa nyumbani alikuwa anabonyeza chochote kinachowaka. Nikaiweka nyuzi 40 nikatumbukiza kipimajoto cha jikoni, maji yakasoma 56 na bado yanapanda! Maziwa juu yana moto, chini yana baridi, na maziwa ya mama yakipata moto mkali yanapoteza sehemu ya kinga zake, ndo maana maikrowevu nayo hairuhusiwi, afu inaacha sehemu zenye moto zinazoweza kumuunguza mtoto mdomo.

Mama mkwe alikuja kututembelea akaitazama ile mashine weee, akaniuliza, "Mwanangu, kwani bakuli hamna?" Akatia maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, akasimamisha chupa humo imefungwa, akaendelea na stori zake, baada ya muda akaizungusha taratibu akadondoshea kwenye kiganja cha mkono, tayari. Bure. Na hata usipopasha kabisa hamna tatizo, mtoto akiyakubali ya baridi mpe, kupasha ni kwa ajili ya mapenzi yake tu. Lile tabaka la mafuta linalopanda juu sio kuharibika, zungusha chupa litachanganyika, dada alitaka kuyamwaga nusura nilie. Yanayobaki kwenye chupa aliyonyonyea mtoto mwisho masaa 2, baada ya hapo mwaga tu hata kama roho inauma.

Nilirudisha mashine dukani nikaonyeshwa karatasi ukutani, bidhaa ikiuzwa haipokelewi. Sawa. Iko juu ya kabati.

Ushauri wangu usichukue seti. Ulizia kibegi peke yake, wenyewe wanaanza na elfu 45 ila 30 wanakuachia, mifuko chukua pakiti pembeni. Jaribu zipu hapo hapo dukani mara kadhaa kwenye kona, na chupa ukinunua geuza chini utafute ile pembetatu ya aina ya plastiki, iwe na namba 5, ikiwa 7 rudisha rafuni.