Mafao ya kukosa ajira ukiwa masomoni California: kozi yenye idhini au chuo ulichojichagulia?

Aliyepunguzwa kazini California hulipwa mafao yasiyozidi dola 450 kwa wiki, huku akitakiwa kutafuta kazi na kuwa tayari kuianza. Kozi yake ikiidhinishwa chini ya mpango wa CTB (California Training Benefits, mpango wa jimbo unaomruhusu mtu kupokea mafao akiwa mafunzoni), sharti la kutafuta kazi huondolewa. Anasoma kwa utulivu.

Akijiandikisha chuoni bila idhini, hakatazwi kusoma, ila msako wa kazi unaendelea, na vipindi vya mchana huzua maswali. Vya jioni vina nafuu. Mimi ningeomba idhini kwanza, ndipo nijisajili.

Fomu ya kila wiki mbili huuliza kama umeanza masomo. Jibu ukweli, hata jirani akikushauri unyamaze: ukificha, utarudisha hela pamoja na faini.