Waya wa mita 20 ulivyoninyima intaneti kwenye kompyuta mpya

Mwezi uliopita nilinunua kompyuta ya mezani, mpya kabisa, kwa kazi yangu ya kutunza hesabu za vikundi vya VICOBA hapa Moshi. Kompyuta yenyewe sina neno nayo, inawaka haraka na haipigi kelele. Ila haina waifai ndani, na ruta iko sebuleni wakati mimi nafanyia kazi chumba cha nyuma. Nikanunua mjini waya wa mita 20 uliokwisha kufungwa vichwa, shilingi 15,000.

Nikachomeka. Kimya. Kompyuta ikasema haijaunganishwa, na kile kitaa kidogo pembeni ya tundu la waya hakikuwaka, si kwenye kompyuta wala kwenye ruta. Ningekitilia maanani kitaa hicho, ningeokoa siku mbili. Lakini niliambiwa ni draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kadi ya mtandao, nikaamini. Jioni mbili nzima niliunganisha simu kwa waya wa USB, nikamaliza bando kushusha draiva ya kadi ya mtandao, nikaifuta, nikaiweka tena, nikazima, nikawasha. Wapi!

Siku ya tatu nikakumbuka kuwa ruta ilikuja na waya wake mfupi, bado uko kwenye boksi. Nikabeba kompyuta hadi sebuleni, nikachomeka huo mfupi kwenye tundu lile lile la ruta. Kitaa kikawaka papo hapo na intaneti ikafunguka. Kompyuta nzima, ruta nzima. Umebaki waya.

Nikauviringisha, nikapanda daladala kutoka Rau hadi kwa kijana mmoja fundi karibu na stendi. Akachomeka ncha zote mbili kwenye testa, kifaa cha kupimia waya. Taa zinatakiwa kuwaka moja moja, kutoka 1 hadi 8. Ya 3 ikarukwa, ya 7 pia. Akanieleza kwamba ndani kuna nyuzi 8 zilizosokotwa jozi jozi. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde unapita kwenye uzi wa 1, 2, 3 na 6. Wa megabiti 1,000 unazitaka zote 8. Ya 3 ikikatika, hupati kitu.

Akakata vichwa, akanyoosha nyuzi kwa kidole gumba na kuzipanga: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Akabana kwa koleo lake. Zote 8 zikawaka, nikafurahi. Kuuviringisha tu niondoke nao, nikamwomba aupime tena: uzi mmoja umekatika, pale pale shingoni mwa kichwa kipya.

Ndipo akachukua wembe, akakwangua kipande kilichobaki mezani. Juu rangi ya shaba, chini nyeupe kama bati.

"Mama, hii siyo kopa. Ni aluminiamu imepakwa kopa, ndiyo maana inakatika."

Na pakiti iliandikwa kopa tupu, yaani shaba tupu! Nilirudi dukani, wakakataa kuupokea kwa sababu umeshakatwa. Hilo limeniuma kuliko hata hela yenyewe.

Fundi akanikatia mita 20 za Cat5e, aina ya waya wa mtandao, ya kopa, shilingi 1,200 kwa mita, na 5,000 ya vichwa na kazi. Jumla 29,000. Ni karibu mara mbili ya ule wa kwanza, na ningelipa tena. Kompyuta sasa inaonyesha megabiti 1,000. Kifurushi changu cha nyumbani ni 20 tu, kwa hiyo hata 100 ingenitosha. Nilichotaka ni waya usiokatika, na huu umepinda juu ya mlango wiki ya tano sasa bila kusumbua.

Jumamosi nilimsindikiza jirani yangu kununua wa kwake. Kabla hajatoa hela, tulimwomba muuzaji akwangue uzi mmoja mbele yetu. Ulikuwa mwekundu hadi ndani.