Uzoefu wangu na kamusi kubwa ya Oxford ya mtandaoni, kwa wanaopenda maneno yaliyosahaulika

Mi naitumia ile kamusi kubwa kabisa, Oxford English Dictionary, toleo la mtandaoni, na kiukweli siifungui kutafuta maneno ya kazini, naifungua kutafuta maneno yaliyokufa. Hapo ndo inapozishinda zote nilizowahi kushika. Kamusi za kawaida neno likipitwa na wakati linaondolewa kupisha mengine, hii haitoi kitu, neno likishaingia limeingia, linawekewa tu kialama cha kisu kidogo kwamba halitumiki tena, afu chini yake unakuta sentensi za watu waliolitumia na mwaka wake kabisa.

Chukua apricity. Ni lile joto la jua siku ya baridi. Limo kwenye kamusi ya Henry Cockeram ya 1623, na baada ya hapo likapotea. Jamani, mtu unayeishi huku Uingereza, mwezi wa kwanza, umetoka kivulini ukasimama upande wenye jua mgongo ukaanza kupata moto, hilo neno unalitaka! Kuna respair pia, tumaini kurudi baada ya kukata tamaa, la karne ya 15 huko Scotland, despair, yani kukata tamaa, ikaishi mwenzake akafa, mi hilo linaniuma. Na overmorrow, yani keshokutwa, limo kwenye Biblia ya Kiingereza ya Coverdale ya 1535, leo Waingereza wanatumia maneno manne kusema kitu hichohicho. Sisi keshokutwa bado tunayo ila mtondo na mtondogoo vijana wangapi wanazisema?

Kinachonivuta zaidi ni jinsi ilivyotengenezwa. Wazo lilianza 1857, James Murray akawa mhariri 1879, sehemu ya kwanza ikatoka 1884 na kazi nzima ikaisha 1928, yeye mwenyewe alishafariki 1915. Alikuwa na kibanda cha mabati uani kwake Oxford, watu wa kawaida wanasoma vitabu vya zamani kwa kujitolea tu, wanaandika sentensi kwenye vikaratasi, wanamtumia kwa posta. Mmoja wa waliotuma vingi sana ni William Minor, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa anashikiliwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Broadmoor. Kwahiyo ukisoma mfano wa miaka ya 1500 jua kuna mtu alikaa akakisoma kitabu kizima kwa ajili yako, hela hakulipwa.

Kuingia: sehemu kubwa ni ya kulipia, ila maktaba nyingi za umma Uingereza ukiwa na kadi yao unaingia bure ukiwa nyumbani, ndo ninavyofanya mimi. Vyuo vingi pia vinalipia, uliza maktaba ya chuo chako kabla hujatoa hela.

Maneno yaliyokufa kabla ya 1150 humo hayamo, hayo yana kamusi zake za Kiingereza cha kale. Na kama unajifunza Kiingereza cha kuombea kazi hii ni nzito mno, chukua ndogo ya wanafunzi. Ila kama ugonjwa wako ni kama wangu nenda moja kwa moja kwenye thesaurus yake ya historia, unachagua jambo, tuseme kulewa, inakupangia maneno ya ulevi yaliyomo humo kuanzia ya zamani zaidi mpaka ya leo. Anzia hapo, usianze na herufi A.