Shiva akiwa binadamu: nilivyozisoma riwaya tatu za Amish Tripathi

Shiva ni mungu wa Wahindu, lakini huyu wa Amish Tripathi, mwandishi wa India, anavuta bangi, ana makovu ya vita, anapenda utani, na akikasirika anatukana. Ni chifu wa kabila dogo la Guna kando ya ziwa Mansarovar, Tibet, mwaka 1900 kabla ya Kristo, na amechoshwa na vita visivyoisha na majirani. Mjumbe wa dola tajiri ya Meluha anapomwalika ahamie kwao na watu wake, anakubali. Wakifika Kashmir wanapewa dawa, usiku homa inawapanda, na kulipokucha shingo yake imegeuka ya buluu. Kumbe Meluha nzima ilikuwa ikimngoja mkombozi mwenye shingo hiyo, Neelkanth, na yeye hana habari.

Kitabu cha kwanza, The Immortals of Meluha, kilitoka 2010. Nilidhani kazi yake itakuwa kufafanua muujiza mmoja mmoja, na kweli yapo ya hivyo: mungu Ganesh mwenye kichwa cha tembo hapa ni mtoto aliyezaliwa na uso ulioumbika tofauti, na mungu wa kike Kali mwenye mikono mingi ni pacha wa Sati, mke wa Shiva. Lakini watu kama hao Meluha huwafukuza na kuwaita Wanaga. Ganesh alitenganishwa na mama yake, Sati, siku aliyozaliwa, mama akaambiwa mtoto kafa. Walipokutana tena katika kitabu cha pili ilinibidi nikiweke chini kwanza, nipumue.

Kilichonishika zaidi ni Somras, kinywaji kinachorefusha maisha ya Wameluha. Kukitengeneza kunahitaji maji mengi ya mto Saraswati, na taka zake zenye sumu zinawaletea tauni watu wa Branga, mbali huko mashariki. Ndicho kinywaji kilichoibadili shingo ya Shiva. Sasa aamue kama akipige vita. Mungu angelijua jibu tangu mwanzo. Binadamu inambidi aulize, asafiri, abishane na marafiki. Hapo ndipo nilipoona faida ya kumshusha Shiva duniani. Sisi tumezoea safari ya upande wa pili: Fumo Liyongo alikuwa mtu, masimulizi yakamkuza mpaka ikawa hauawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni.

Kuna tukio dogo silisahau. Sati ni vikarma, mtu anayetengwa kwa imani kwamba mabalaa yake ni adhabu ya dhambi za maisha yaliyopita. Wakifundishwa ngoma, Shiva anamgusa bila kujua, na waliopo wanashtuka: anatakiwa akatakaswe. Anakataa katakata. Ukurasa ule umesema mengi kuhusu ubaguzi kuliko hotuba zote zinazofuata.

Na hotuba ni nyingi mno. Lugha ni Kiingereza chepesi cha siku hizi, hakina mapambo, na wahusika hueleza falsafa kwa kirefu wakati ungetaka waendelee na safari. Kitabu cha tatu, cha 2013, kinalemewa na mipango ya vita, ingawa pigano la mwisho la Sati linafidia yote.

Anayempenda Shiva kwa ibada asiogope, mwandishi hamdhihaki popote. Visomwe kwa mpangilio, na usianze cha kwanza kabla hujapata cha pili: kinakatika Sati akiwa anashambuliwa na Shiva yuko mbioni kumfikia.